Wabia Wanaposema "Sisi"

Watu wawili au zaidi wanapoanzisha kampuni, huzuka jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelileta peke yake. Mtaji una mwenyewe, kompyuta ina mwenyewe, wazo lina aliyelitoa wa kwanza. Lakini haupiti muda mrefu waanzilishi huanza kusema "tumeamua", "tumekataa", "sisi hatufanyi kazi namna hiyo". Je, huyo "sisi" yupo kweli, au ni njia fupi tu ya kuwataja fulani na fulani kwa pamoja? Laonekana swali la darasani, ila majibu yake ndiyo yanayoamua nani anadaiwa deni la mwenzake, nani anaweza kuondoka bila kuaga, nani ana haki ya kupinga mbele ya mwekezaji, na mara nyingi kama kampuni yenyewe itadumu.

Aristotle aliligusa katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako. Aliugawa urafiki mafungu matatu: wa manufaa, wa raha na wa wema. Wanaofanya biashara pamoja wanaingia katika fungu la kwanza, na urafiki wa namna hiyo, kwa maoni yake, huvunjika manufaa yanapokwisha, kwani watu hao hawakupendana wao. Walipenda walichokuwa wakikipata. Kwa hesabu hiyo umoja wa wabia ni kivuli cha faida tu. Hoja hiyo ina nguvu, ila ikifikishwa kwenye kampuni changa inapata mushkili. Kampuni changa mara nyingi haina faida yoyote kwa miaka. Kinachowashikanisha waanzilishi kipindi hicho ni manufaa ambayo hayajapatikana na huenda yasipatikane kamwe. Kujifunga na mtu mwingine kwa ajili ya kitu ambacho bado hakipo kuna sura ya imani zaidi kuliko ya biashara.

Katika falsafa ya siku hizi mabishano yamehamia kwenye nia. Margaret Gilbert, katika makala yake ya mwaka 1990 kuhusu watu wawili wanaotembea pamoja, alionyesha kwamba kutembea pamoja si sawa na kutembea sambamba. Mmoja akikata kona ghafla bila neno, mwenzake ana haki ya kumlaumu, hata kama hawakuandikiana chochote. Kumekuwapo ahadi ya pamoja, na ahadi ya pamoja haifutwi na mtu mmoja. Michael Bratman haoni haja ya kwenda mbali hivyo. Kwake yeye inatosha kila mmoja awe na nia yake, nia hizo zijuane, na mipango yao iingiliane bila kugongana. Hakuna nafsi ya tatu inayozaliwa. Tofauti ya wanafalsafa hawa wawili huonekana siku mwanzilishi mmoja anapopata kazi yenye mshahara mnono kwingine. Kwa Bratman, mtu amebadili nia, na lawama kama ipo itatafutiwa sababu nyingine. Kwa Gilbert, amevunja kitu ambacho hakikuwa chake peke yake.

Mafakihi wa Kiislamu walilikabili swali hilihili karne nyingi kabla ya vyuo vya biashara kuwapo, kwa kuwa soko liliwalazimisha. Hadithi aliyoipokea Abu Daud yamweka Mwenyezi Mungu kuwa wa tatu wa wabia wawili maadamu hakuna anayemhini mwenziwe. Hiana ikiingia, Yeye hutoka kati yao. Hapo uaminifu si mbinu ya kupunguza gharama za ukaguzi. Ni sharti la baraka, na mkataba una shahidi asiyelala. Upande wa pili, Sura ya Sad, katika kisa cha wagomvi wawili waliomwendea Nabii Daud kwa ajili ya kondoo, yasema bila kuficha kwamba wengi wa wanaochanganya mali hudhulumiana. Fiqhi ya ubia imesimama kati ya mambo hayo mawili: matumaini makubwa juu ya ubia, na mashaka makubwa juu ya wabia.

Mzozo wenyewe ulikuwa juu ya ubia uitwao mufawadha. Kwa Wahanafi, wabia wa mufawadha huwa sawa katika mtaji na katika madaraka, na kwa rai ya Abu Hanifa hata katika dini. Anachonunua mmoja ni cha wote, isipokuwa chakula na mavazi ya nyumbani kwake. Deni la biashara la mmoja humfikia mwenziwe kwa ukamilifu, maana kila mmoja ni wakala na pia mdhamini wa mwenzake. Hapa "sisi" imemeza karibu kila kitu. Imam Shafi aliukataa ubia huo kwa maneno makali; aliuona kuwa ndio mfano hasa wa mkataba batili. Alichokubali ni inan: wabia huchanganya mali zao mpaka zisitambulikane ipi ya nani, kila mmoja akawa wakala wa mwenzake ndani ya mali hiyo tu, na faida na hasara zikagawanywa kwa kadiri ya mtaji. Nje ya fungu hilo la mali kila mtu hubaki na nafsi yake, madeni yake na hukumu yake.

Pwani ya Afrika Mashariki ni ya Kishafi, na Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, imekuwa miongoni mwa vitabu vikuu vya fiqhi vilivyosomeshwa huko. Minhaj yataja aina nne za ubia na kubatilisha tatu. Mojawapo ya hizo tatu ni ubia wa viwiliwili, yaani watu wasio na mtaji wanaokubaliana kugawana chumo la kazi zao, kama wachukuzi. Hoja ni kwamba kila mtu ana mwili wake na manufaa ya mwili wake. Pesa huchanganyika, jasho halichanganyiki. Vijana wawili wa Mombasa wenye kompyuta mbili, wazo moja la programu ya simu na akaunti tupu ya benki, wakipimwa kwa kipimo hicho, hawana ubia hata kidogo. Wahanafi, Wamaliki na Wahanbali wangewapa nafasi, kila madhehebu kwa masharti yake.

Ni rahisi kuiona hukumu ya Kishafi kuwa kali kupita kiasi, na kwa mahitaji ya uchumi wa leo pengine ni kali kweli. Lakini ndani yake mna uchunguzi usiopitwa na wakati. Kinachozigawanya timu za waanzilishi si pesa zilizowekwa mwanzoni, ambazo mara nyingi ni kidogo na zina risiti. Ni jasho. Kila mmoja anakumbuka usiku alioukesha yeye, na wa mwenzake anausikia tu. Anayeandika programu haoni kazi ya yule anayezunguka kutafuta wateja. Anayezunguka anaona mtu aliyekaa kivulini mbele ya kioo. Wanapojiita kitu kimoja, tofauti hizo hufunikwa, na zikishafunikwa hakuna anayezihesabu mpaka siku ya ugomvi.

Kisa kimoja cha Marekani chaonyesha jinsi umoja wa waanzilishi unavyozaliwa, unavyozaa matunda na unavyokwisha. Mwaka 1956 William Shockley, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo kwa mchango wake katika uvumbuzi wa transista, alifungua maabara Mountain View, California, kwa fedha za kampuni ya Arnold Beckman. Aliwakusanya vijana hodari waliokuwa hawajuani. Hakuwa mtu wa kukaa naye. Mfanyakazi mmoja alipojichoma mkono ofisini, Shockley aliamini kuna hujuma na akataka watu wapimwe kwa mashine ya kutambua uongo. Kisha akaigeuza kazi ya maabara kutoka transista za silikoni kwenda kwenye kifaa alichokipenda yeye. Wafanyakazi walimwendea Beckman ili Shockley aondolewe kwenye uongozi, hawakufanikiwa.

Hapo Eugene Kleiner aliandika barua kwa benki ya uwekezaji ya Hayden, Stone ya New York, ambako baba yake alikuwa na akaunti. Jambo la ajabu ni kile ilichoomba barua ile. Haikuomba mtaji. Ilitafuta mwajiri atakayewachukua wote kwa pamoja. Watu hao walikuwa wameshakuwa kundi kabla hawajawa na biashara, na walichotaka kukilinda ni kundi. Arthur Rock na Bud Coyle wa benki hiyo ndio waliowashauri waanzishe kampuni yao. Saba walikubali, wa nane, Robert Noyce, alivutwa mwishoni, kwa sababu wenzake walijua wanahitaji kiongozi. Hakukuwa na mkataba tayari wa kutia saini, basi Coyle akatoa noti mpya za dola moja moja, kila aliyekuwapo akazitia saini zote, na kila mmoja akaondoka na noti yake yenye majina ya wote. Kisheria noti zile hazikuwa na uzito wowote. Lakini ukitafuta mahali ambapo ahadi ya pamoja ya Gilbert imeonekana kwa macho, ni pale mezani.

Rock alibisha hodi kwa kampuni zaidi ya 30 kabla Sherman Fairchild hajakubali kutoa takriban dola milioni 1.38. Kila mmoja wa wanane aliweka dola 500 na kupewa hisa 100. Hisa 225 zilikwenda Hayden, Stone, na 300 zikawekwa akiba kwa watakaokuja. Hisa sawa, mtaji sawa: ilikuwa karibu kabisa na inan, ila fedha nyingi zilitoka kwa mtu wa nje aliyejiwekea haki ya kuinunua kampuni nzima kwa dola milioni 3. Mwaka 1957 Fairchild Semiconductor ikaanza kazi, na mwaka uliofuata IBM ilinunua transista 100 kwa dola 150 kila moja. Mwaka 1959 Jean Hoerni aliibuni njia ya kutengeneza transista bapa zenye tabaka la kinga, na juu ya njia hiyo Noyce akajenga wazo la kuweka saketi nzima kwenye kipande kimoja cha silikoni. Ni mfano mzuri wa kazi isiyogawanyika: jasho la Hoerni na la Noyce yalichanganyika hata mafakihi wangepata taabu kuyatenga.

Mwaka huohuo mwenye fedha aliitumia haki yake ya kununua. Kila mwanzilishi akapata hisa za kampuni mama zenye thamani ya robo milioni ya dola au zaidi, na tangu siku hiyo akawa mwajiriwa. Hoerni, Jay Last na Sheldon Roberts waliondoka mwaka 1961 na kuanzisha Amelco. Kleiner naye akaenda upande wao. Noyce na Gordon Moore waliondoka mwaka 1968 na kuanzisha Intel. Kufikia mwisho wa 1969 hakuna hata mmoja wa wanane aliyebaki. Aristotle angesema manufaa yalikwisha. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu biashara ya transista ilikuwa inazidi kunoga na wote walikuwa na mishahara. Kilichokwisha ni vitu viwili vilivyolifanya kundi kuwa kundi: adui wao, Shockley, ambaye hakuwa tena na nguvu juu yao, na umiliki wao wa pamoja, uliogeuzwa hisa za kampuni yenye makao makuu New York. Umoja uliojengwa dhidi ya mtu ulikuwa na kasi ya ajabu. Haukuwa na chakula cha safari ndefu.

Saikolojia ina maelezo ya kasi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol katika makundi kwa vigezo visivyo na maana, kama vile mchoraji yupi wanampenda kati ya Klee na Kandinsky. Kisha kila mmoja akatakiwa kuwagawia wengine fedha kidogo. Wavulana waliwapendelea wa kundi lao, na lililoshangaza zaidi, mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo alimradi lilizidi lile jingine. Mwanzilishi anayekataa kuuza kampuni kwa bei nzuri kwa sababu mnunuzi ni mshindani wa siku nyingi anafanya jambo lilelile, ingawa hesabu zake zimeandikwa vizuri zaidi.

Kuhusu ufanisi wenyewe, ushahidi mzuri ulitoka Chuo Kikuu cha Stanford. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 James Baron na Michael Hannan walizifuatilia karibu kampuni changa 200 za teknolojia katika Silicon Valley, wakiwauliza waanzilishi walikuwa na picha gani ya kampuni yao siku ya kwanza. Kulikuwa na waliotaka kukusanya vipaji vikubwa, waliotaka kampuni ya wahandisi wanaosimamiana wenyewe kwa wenyewe, waliotaka taratibu na vyeo, na waliotaka bosi mmoja mwenye amri. Na kulikuwa na waliotaka watu wajione wa nyumba moja, waajiriwe kwa kufanana kwao na desturi za kampuni, na wabaki kwa mapenzi. Hao wa mwisho ndio waliokuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufilisika, na walikuwa wepesi kufika kwenye soko la hisa. Waliokusanya vipaji walianguka mara nyingi zaidi, lakini waliofanikiwa kuingia sokoni thamani yao ilikua kwa kasi kubwa. Kilichodhuru kuliko mfano wowote ni kubadili mfano katikati ya safari: wafanyakazi waliondoka, na hatari ya kufa kwa kampuni ikaongezeka. Mtu aliyeajiriwa kama ndugu hakubali kirahisi kugeuzwa namba.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa vibaya, kana kwamba undugu ni dawa. Timu zenyewe huundwa kwa kufanana. Utafiti wa Martin Ruef na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waanzilishi wa Marekani hukusanyika kwa jinsia na asili moja kuliko ambavyo bahati nasibu ingewakusanya. Wanaofanana huelewana haraka, huamua haraka, hawahitaji kuandikiana barua. Pia hukosa jambo lilelile wote kwa pamoja. Irving Janis, aliyechunguza mwaka 1972 jinsi washauri wa marais wa Marekani walivyofikia maamuzi ya maafa, alieleza hali ya kundi linalopendana hadi mjumbe mwenye shaka anajinyamazisha mwenyewe kabla mwingine hajamnyamazisha. Kampuni yenye waanzilishi watatu haina bunge la upinzani. Mmoja akinyamaza, theluthi ya busara yake imelala.

Noam Wasserman na Thomas Hellmann walilichungulia jambo hili kwenye mgawanyo wa hisa. Timu nyingi hugawana mapema, na nyingine hugawana sawasawa kwa siku moja, wakipeana mikono. Kampuni za aina hiyo zilipokwenda kwa wawekezaji zilikadiriwa thamani ya chini. Watafiti hao hawakusema usawa ndio uliowaponza. Walichoona ni kwamba watu wanaoogopa kujadiliana wao kwa wao juu ya jambo zito huwa na tabia hiyo hata nje ya chumba. Wasserman aliona pia kwamba timu za marafiki na ndugu huvunjika zaidi kuliko za watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja, jambo linalowakera wengi wanaoamini kinyume. Rafiki huogopa kuuliza, "Wewe umefanya nini mwezi huu?" kwa kuwa swali hilo linagusa urafiki. Mfanyakazi mwenzako wa zamani huliuliza kama anavyouliza saa. Hapo msimamo wa Imam Shafi unaonekana una sura nyingine: ubia wenye mipaka unawaachia wabia nafasi ya kuhesabiana bila kutukanana.

Si kila "sisi" hulenga ndani. Emmanuelle Fauchart na Marc Gruber, katika utafiti wa mwaka 2011 juu ya watengenezaji wa vifaa vya michezo, waliwatofautisha waanzilishi wanaojiona wafanyabiashara, wanaojiona watu wa jumuiya fulani, na wanaojiona wana ujumbe kwa jamii nzima. Kila aina ilichagua wateja, bidhaa na hata njia za uzalishaji kwa kuongozwa na jibu lake. Ushahidi, jukwaa lililoundwa Januari 2008 wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi Kenya, ni mfano wa aina ya tatu. Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa wamefahamiana kwa maandishi yao ya mtandaoni kuliko kwa kukaa ofisi moja, na kwa siku chache walipata ramani iliyopokea taarifa za vurugu kutoka kwa wananchi. Kundi la namna hiyo halina haja ya kumpata adui ili lishikamane. Lina watu linalowahudumia. Jukwaa lilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na waanzilishi walipoendelea na mambo mengine halikufa nao.

Swali la kuondoka ndilo linalopima kila nadharia. Katika inan kila mbia anaweza kuuvunja mkataba wakati wowote, na kifo au wazimu wa mmoja huumaliza. Mafakihi walikubali udhaifu huo kuliko kumfunga mtu kwenye nafsi ya pamoja asiyoweza kutoka. Mawakili wa Silicon Valley walichukua njia nyingine: hisa za mwanzilishi hukomaa kidogo kidogo, kwa kawaida kwa miaka minne, na anayetoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha haondoki na kitu. Jasho, lililokataliwa na Wakishafi kwa kuwa halipimiki, hapa limepimwa kwa kalenda. Ni kipimo kibovu, kwa kuwa mwezi wa mvivu na mwezi wa mchapakazi vina siku zilezile, lakini hakuna aliyepata kilicho bora ambacho wabia wote wangekikubali kabla hawajagombana. Nayo sheria ya makampuni, tangu Baraza la Malodi la Uingereza lilipoamua kesi ya Salomon mwaka 1896, huihesabu kampuni kuwa mtu kamili aliye mbali na wenye hisa. Kwa hiyo "sisi" ya waanzilishi ikishasajiliwa hupata jina, madeni na uhai usiotegemea pumzi ya yeyote kati yao.

Uhai huo hubeba alama za wale wa kwanza. Katika kampuni zilezile za Stanford, Baron, Hannan na Diane Burton walikuta kwamba picha aliyokuwa nayo mwanzilishi kuhusu ajira ilibashiri idadi ya mameneja na makarani miaka kadhaa baadaye: palipoanzwa kwa undugu walikuwa wachache, palipoanzwa kwa taratibu na vyeo walikuwa wengi, hata pale ambapo aliyeianzisha alikuwa ameshampisha mkurugenzi mwingine kwenye kiti.